Jaribio lisilo na alama si kumdekeza mwanafunzi

Shule ya sekondari ya Tanzania inayojali taaluma haikaukiwi mitihani. Kuna majaribio ya wiki, ya mwezi, ya nusu muhula, ya ujirani mwema yanayofanywa na shule jirani kwa pamoja, kisha mock, ule mtihani wa kujipima kabla ya wa taifa. Anayesimama kwenye kikao cha walimu na kusema majaribio ya wiki yarudishwe bila alama, yakiwa na maelezo tu ya kosa na namna ya kulirekebisha, huonekana ama mvivu ama mtu anayetaka kulea watoto kama mayai.

Wanaompinga wana hoja. Mwalimu mwenye mikondo minne ya wanafunzi sabini sabini ana karatasi 280 za kusahihisha, na Jumatatu nyingine zinamsubiri. Mzazi aliyejibana kwa sare na michango anataka kujua mwanawe amekuwa wa ngapi. Na mwisho wa safari NECTA, Baraza la Mitihani la Tanzania, haiandiki maelezo, inatoa A mpaka F. Kwa nini tumzoeze mtoto ulimwengu ambao hatakutana nao?

Lakini kuna utafiti mmoja ambao sijasikia ukijibiwa vizuri na upande huo. Mwaka 1988 Ruth Butler, mwanasaikolojia wa elimu wa Israeli, alichapisha matokeo ya utafiti aliowafanyia wanafunzi wa miaka karibu 11. Wengine walirudishiwa kazi zikiwa na alama tu, wengine maelezo tu, wengine vyote viwili. Waliopata maelezo tu walipanda kwa karibu asilimia 30 katika kazi iliyofuata. Wa alama tu hawakupanda. Hayo mtu angeweza kuyatabiri. Kundi la tatu ndilo linaloninyima raha: lilipata maelezo yaleyale, likaongezewa alama, nalo halikupanda.

Hebu tulitafakari hilo kwa upande wa mwalimu. Amekesha akiandika pembeni ya kila jibu, kisha akaweka tarakimu juu ya ukurasa, na tarakimu ile ikafuta kazi yake yote ya usiku. Mwenye 78 ameshafaulu, asome maelezo ya nini? Mwenye 23 ameshaambiwa yeye ni nani. Wote wawili wanamgeukia jirani, "umepata ngapi?", na daftari linafungwa. Nasi tunaongeza mkeka wa matokeo ukutani ili shule nzima ione. (Wala tusidhani "ongeza bidii" ni maelezo. Hiyo ni alama iliyoandikwa kwa maneno.)

Ni kweli watoto wa Butler hawakuwa Kidato cha Pili cha Tandahimba, Mtwara, wakisoma baiolojia kwa Kiingereza ambacho nyumbani hakizungumzwi. Ila nadhani tofauti hiyo inaipa hoja nguvu zaidi. Mwanafunzi wetu aliyekosa swali la usanisinuru (jinsi mmea unavyojitengenezea chakula kwa mwanga) huenda haelewi usanisinuru, au anauelewa vizuri na kilichomshinda ni lugha ya swali. Alama 23 haiwezi kuwatenganisha hao wawili, ilhali dawa zao ni tofauti kabisa.

Kuhusu zile karatasi 280: makosa hayafiki 280. Kwenye rundo la karatasi sabini mwalimu mzoefu hukutana na makosa manne au matano yanayojirudia. Anayapa namba, anaandika namba hizo kwenye karatasi, anaeleza kila moja ubaoni, na wanafunzi wanasahihisha wenyewe. Kule Uingereza, mwaka 1999, watafiti wa King's College London walianza kazi na walimu 24 wa shule sita za sekondari za Medway na Oxfordshire juu ya mambo madogo ya aina hiyo: kumpa mwanafunzi muda wa kufikiri baada ya swali, wanafunzi kupimana, maoni badala ya alama. Matokeo ya madarasa yao yalizidi ya madarasa waliyolinganishwa nayo, kwa kiasi cha wastani.

Wanaohofia alama za maendeleo, zile za shuleni zinazokwenda NECTA kujumlishwa na za mtihani wa mwisho, watazame mgawanyo uliotangazwa na wizara mwaka 2013: mtihani wa Kidato cha Pili alama 15, mihula ya Kidato cha Tatu 10, mock 10, mradi 5. Uzito umebadilishwa tangu hapo, ila jaribio la wiki halimo katika orodha hiyo. Tunalibebesha hofu ya mtihani wa taifa bila kulipa hata alama moja ndani yake. Ajabu ni kwamba Azimio la Musoma la 1974, uamuzi wa chama cha TANU kuhusu elimu uliozaa tathmini endelevu, yaani hizo alama za maendeleo, lilitaka kupunguza hofu ya mtihani mmoja wa mwisho.

Mwalimu mmoja akilianza jambo hili peke yake ataonekana hasahihishi, hivyo ni uamuzi wa kikao cha taaluma. Kidato cha Nne ningewaacha na alama zao. Wanaokaribia mtihani wana haki ya kujua wamesimama wapi. Ningeanza na Kidato cha Kwanza. Na ugomvi mkubwa kikaoni, nahisi, hautakuwa juu ya alama. Kipindi kinachofuata kila jaribio itabidi kitumike kusahihisha badala ya kuanza mada mpya, na wakuu wa idara waliokwisha kuchelewa kumaliza mtaala ndio watakaosimama wa kwanza kukataa.