"Nitakucheki" ni ahadi gani?

Jamani, mwenzenu nimechoka na "nitakucheki". Fundi wangu wa nguo pale Ngamiani, futi shingoni, kitambaa changu kimekunjwa vilevile nilivyokileta, ananiambia: "Dada, we nenda tu, nitakucheki." Utanipigia? Utaniletea? Utanishonea lini? Harusi imepita, Tanga nzima imekula pilau, mimi sijachekiwa!

Neno moja limemeza mangapi? Cheki mpira, maana yake tazama. Cheki mafuta ya gari, kagua. Nicheki jioni: nipigie, au njoo, au nirushie hela, nani ajuaye? Tazama, kagua, hakiki, chungulia, julia hali, yote tumeyafungia kabatini.

Na asili yake basi! Sisi tumelitoa kwenye "check" ya Waingereza, nao walilipata kwenye Kifaransa cha kale, na mzizi wake ni "shah" ya Kiajemi, yaani mfalme. Ndiyo shaha yetu ya sataranji, ule mchezo wa chesi! Lilikuwa onyo mchezoni: mfalme wako kabanwa, mwokoe sasa hivi. Sasa hivi, si wiki ijayo! Leo ndilo neno la kumponyokea mteja.

Fundi, niambie "Alhamisi saa kumi". Hata ukisema "sijaanza", nitakuelewa.