Jimnastiki na sindromu ya Down: tuamini eksirei au tumwangalie mtoto?

Kwenye jimnastiki ya Special Olympics, ile michezo ya watu wenye ulemavu wa akili, kuna jambo watu wanabishana miaka nenda rudi, nalo ni shingo. Watoto wengi wenye sindromu ya Down (hali ya kuzaliwa nayo inayochelewesha ukuaji wa mwili na akili) kano zao zimelegea, na zile pingili mbili za juu kabisa za shingo zinaweza kucheza kuliko kawaida, sasa mtoto akipiga samasoti akatua kichwa neva za uti wa mgongo zinaweza kubanwa na hiyo ni habari ya kupooza, sio ya kuchukulia poa.

Ndo maana 1983 Special Olympics wakaweka sharti la eksirei ya shingo, na 1984 chama cha madaktari wa watoto Marekani kikaunga mkono. Siwalaumu kabisa, ningekuwa mzazi ningetaka hivyohivyo.

Ila picha yenyewe haiaminiki kihivyo. Inaonyesha shingo imelegea kwa kama 15 kati ya 100, wakati wanaopata dalili ni 1 au 2 tu, na ukirudia kupiga picha, majibu yanaweza kugeuka. Kwa hiyo watoto kibao walikuwa wanazuiwa bure. Na hawa misuli yao huwa laini tangu wamezaliwa, wanahitaji mazoezi kuliko wenzao. Chelsea Werner wa Marekani, naye ana sindromu ya Down, alipelekwa jimnastiki akiwa mdogo sana ili misuli ikaze tu, akaja kuwa bingwa wa taifa wa Special Olympics mara 4!

Madaktari walewale walirudi nyuma 1995, na 2011 wakasema mtoto asiye na dalili asipigwe picha kiutaratibu tu, mzazi afundishwe vya kuangalia: shingo inauma, kichwa kinakaa upande, mwendo umebadilika, mikono haina nguvu, aliyekuwa anaenda choo mwenyewe ameanza kujikojolea.

Nakubaliana nao, lakini kuna kitu kinanitia wasiwasi, wengi wa watoto hawa hawawezi kukwambia "naumwa", na daktari wa kusaini fomu ya kumruhusu kucheza anamwona siku moja tu. Anayemwona kila wiki ni kocha. Kocha asiyezijua hizo dalili mi simwachii mtoto abingirike hata awe na eksirei safi namna gani, aanze na kuruka na kutembea kwenye boriti ya chini, mpaka kocha afundishwe.