Trekta kuukuu na mizani ya chuma chakavu

Trekta ya Massey Ferguson 135 ina uzito wa takribani tani moja na nusu. Kwa mnunuzi wa vyuma chakavu, habari yake huanzia na kuishia hapo: anauliza kilo, anawasha gesi, anakata. Maonyesho ya wakulima ya Nanenane yanapokaribia na viwanja vya Nzuguni, Dodoma, vinajiandaa kupokea trekta mpya zenye vibanda vya vioo, ubishi hurudi. Mmoja anataka hizi za zamani nazo zipewe uwanja, ziwashwe watu wazisikie. Mwingine anacheka: tusherehekee nini, uchakavu?

Anayecheka ana hoja, tena nzito kuliko wapenzi wa Massey wanavyopenda kukiri. Dodoma ina sababu zake za kutoishangilia trekta kwa kuwa tu ni trekta. Mwaka 1947 Waingereza walileta Kongwa mashine zilizosalia vitani, na baadaye trekta za Shervick zilizotengenezwa kutokana na vifaru vya Sherman, wakitaka kulima karanga kwenye mamilioni ya ekari. Udongo wa kule ukikauka hugeuka saruji. Mizizi ikavunja vyuma, mvua ikagoma, na mwaka 1951 mradi ukafutwa ukiwa umemeza pauni milioni 36 hivi.

Halafu kuna shingo ya dereva. Uingereza ililazimisha trekta mpya kuwa na kinga ya kupinduka kuanzia mwaka 1970. Nyingi za kabla ya hapo hazina hata bomba moja juu ya kiti. Funga mnyororo wa kung'olea kisiki kwenye tundu la mkono wa juu wa kushikia jembe badala ya ndoano ya chini, na pua itainuka kabla mguu haujafika kwenye klachi. Zile zenye Multi-Power, gia ya kubadilisha mwendo bila kukanyaga klachi, nazo zina kasoro yao: ikiwa kwenye mwendo wa chini, injini haiizuii trekta mteremkoni, inaserereka tu na tela la magunia nyuma. Na udongo haujasamehewa. Jembe la sahani likipita kina kile kile, sentimita 15 hadi 20, mwaka baada ya mwaka, hujenga tabaka gumu chini yake. Katika mkoa unaopata mvua chini ya milimita 600, nyingi kati ya Desemba na Aprili, maji yanayoshindwa kupenya tabaka hilo ni mavuno yanayokimbilia korongoni. Kulivunja kunataka nguvu ambayo injini ya nguvu za farasi 45 haina.

Yote hayo ni kweli. Ila yanajibu swali la nani alime ekari 500 za alizeti msimu ujao, wala si swali la nini kinapotea 135 inapokatwa vipande.

Injini yake, Perkins AD3.152, inajieleza kwa jina: silinda tatu, inchi za ujazo 152, yaani lita mbili na nusu. Trekta yenyewe ilitoka Banner Lane, Coventry, kuanzia mwaka 1964, katika kiwanda kilichokuwa kikitengeneza Ferguson tangu 1946. Kiwanda hicho kilifungwa mwaka 2002, lakini vipimo vyake havikufungwa nacho. Kampuni za TAFE ya India na Millat ya Pakistan zilichukua leseni zikaendelea, na injini ya ukoo huo huo ikaingia kwenye trekta ya MF 240. Ndiyo maana ringi na gasketi za 135 bado zinapatikana madukani. Linganisha na Ursus ya Poland, kampuni iliyoanza Warsaw mwaka 1893: trekta zake ziliunganishwa Kibaha miaka ya juzi tu, na mwaka 2021 mtengenezaji akafilisika. Mwenye Ursus ana trekta mpya kuliko ya jirani yake, na wasiwasi mpya pia.

Wingi wa spea una balaa lake, kwa sababu bandia nazo ni nyingi. Hapo ndipo trekta kuukuu iliyotunzwa inapokuwa na kazi kuliko picha: ni kipimo cha kulinganishia. Chukua nati tu. Trekta hizi zilifungwa kwa inchi. Bolti ya inchi 3/8 ina kichwa cha 9/16, yaani milimita 14.3. Spana ya 14 haiingii, ya 15 inacheza na kumung'unya kona. Kisha bolti ikipotea, mtu anachonga tundu upya ili bolti ya M10, ya milimita 10, iingie, na kuanzia siku hiyo trekta ina lugha mbili. Fundi wa tatu akija hajui tena kipi ni cha asili.

Kwangu mimi, kitu kimoja kingetosha kuitetea sherehe nzima: bakuli la oili la chujio la hewa. Vumbi la Dodoma linaua injini kuliko umri. Hewa ikiingia inapigwa kwenye oili, vumbi linanaswa, tope linalala chini. Hakuna karatasi ya kununua. Unafungua bakuli kila siku ya kazi, unamwaga tope, unaosha kwa dizeli, unaweka oili ya injini safi hadi mstari uliochorwa. Ukipungukiwa, vumbi linapita. Ukizidisha, injini inaivuta oili na kuichoma, moshi unatoka na mwendo unaweza kupanda wenyewe. Kisha kagua mpira unaounganisha chujio na manifoldi, maana ukipasuka, bakuli safi halisaidii kitu: ringi zinalika, na kabla msimu haujaisha mwenye trekta analalamika injini inakula oili. Chujio la karatasi la trekta mpya huchuja vizuri zaidi, sikatai, hadi utingo atakapoligonga kwenye tairi au kulipuliza kwa kompresa likatoboka.

Pampu ya dizeli inafundisha vivyo hivyo. Ile ya aina ya DPA, ya kampuni ya CAV, hulainishwa na dizeli inayopita ndani yake, kwa hiyo mafuta yaliyochakachuliwa kwa mafuta ya taa huikausha ikasagika. Trekta ikiishiwa mafuta shambani, unalegeza skrubu ya juu ya filta, unapampu kwa kiwiko cha pampu ndogo inayovuta mafuta kutoka tangini hadi mapovu yaishe, unahamia skrubu za DPA yenyewe, mwisho nati za nozeli huku stata ikizungusha. Kiwiko kikiwa laini bila kusukuma kitu, hakijafa. Zungusha injini kidogo, kemu, kile kinundu cha mhimili kinachoisukuma pampu hiyo, imekishikilia.

Sherehe ya rangi nyekundu mpya na tairi zilizong'arishwa ingempa ushindi yule anayecheka. Inayofaa Nzuguni ni 135 iliyofungwa bomba la kuzuia kupinduka, hata kama linaharibu sura ya 1964, bakuli lake likiwa wazi na tope lake ndani, na pembeni meza yenye spana mbili, ya 14 na ya 9/16, kijana ajaribu nati mwenyewe.