Siri ya Kitabu Kipya Ilindwe Mpaka Kisumu

Kitabu kinachongojewa na watu wengi kinapokaribia kutoka, wachapishaji huilinda siri yake kwa bidii. Mwaka wa 2005, duka moja nchini Kanada lilipouza kimakosa nakala 14 za kitabu cha sita cha Harry Potter kabla ya siku iliyopangwa, mahakama ya jimbo la British Columbia iliwaamuru wanunuzi wasimsimulie mtu yeyote yaliyomo. Wapo walioiona amri hiyo kuwa kali mno. Mimi naiona ilitambua haki ya msomaji ambayo wengi wetu huipuuza.

Ninacholalamikia ni kwamba ulinzi huo huisha siku ya uzinduzi, na saa inayofuatwa ni ya London. Kitabu kikitolewa huko saa sita usiku mwezi wa Julai, hapa Kisumu ni saa nane usiku. Mwenye uwezo wa kukinunua mtandaoni atakisoma kwenye simu kabla jogoo hajawika, lakini anayetaka kitabu cha karatasi atangoja nakala zifike Nairobi, ziagizwe na duka la vitabu la huku, zipakiwe kwenye basi, kisha atazame bei na mfuko wake. Wengi huishia kuazima, na nakala moja hupita mikono mingi hadi pembe za kurasa zinakunjika na jalada linapata madoa ya chai. Kwa wasomaji hawa, hatari huanza siku ile ile ambayo wenzao hujiona wameruhusiwa kumwaga mtama.

Kujikinga kabisa ni vigumu. Nyamazisha makundi ya WhatsApp, zuia majina ya wahusika kwenye mitandao, usisome maoni yaliyo chini ya video. Mimi hufanya hayo yote. Hata hivyo, arifa huonyesha mwanzo wa ujumbe kwenye kioo cha simu kabla hujaamua kuufungua, na mtu akitanguliza jina la mhusika na neno "amekufa", jicho limeshasoma.

Wanaopenda kufichua huutaja utafiti wa Jonathan Leavitt na Nicholas Christenfeld wa Chuo Kikuu cha California, San Diego, uliochapishwa mwaka wa 2011. Ulitumia hadithi fupi 12, na kwa jumla waliodokezewa mwisho walizifurahia zaidi kidogo. Nauheshimu, lakini hadithi fupi unayokabidhiwa na kuimaliza kwa kikao kimoja hukuwahi kuingoja. Msomaji aliyeishi na wahusika kwa miaka, akabishana na marafiki kuhusu nani atasalimika, ana dhana zake anazotaka kuzipima mwenyewe ukurasa baada ya ukurasa. Akidokezewa mwisho, ubishi wote huo umeamuliwa na mtu ambaye hata hakuulizwa.

Huku kwetu utaambiwa pia kwamba hadithi za siwindhe, yaani nyumba ya nyanya ambamo watoto wa Kijaluo walisimuliwa hadithi, zilirudiwa mara nyingi bila kupoteza utamu. Ni kweli, ila kila mtoto alikuwa na mara yake ya kwanza, na nyanya aliisimulia hadithi kuanzia mwanzo.

Kwa hiyo naomba anayemaliza kwanza aulize nani bado hajasoma kabla ya kusema lolote, na wanaozungushiana nakala moja waufungue mjadala wa mwisho wa kitabu siku ile aliye nyuma kabisa kwenye foleni anapokirudisha.