Idris Hakutokana na Darasa

Chuoni tulifundishwa kwamba Nabii Idris aliitwa hivyo kwa wingi wa kudurusu vitabu, na mpaka leo nayasikia maelezo hayo katika mawaidha na kuyasoma katika vijitabu vya majina ya watoto. Mswahili huyakubali upesi, kwa kuwa darasa, darsa na kudurusu vimo kinywani mwake kila siku. Lakini nahau ya Kiarabu inayakataa. Mwanachuoni Zamakhshari, aliyefariki mwaka 538 Hijria (1144), alieleza katika Al-Kashshaf, tafsiri yake ya Kurani, kwamba kama Idris lingejengwa kwa mzizi huo wa darasa lingepokea tanwini (ile n inayotamkwa mwishoni mwa jina), kwani kwa kawaida jina hunyimwa tanwini kwa sababu mbili, nalo lingebaki na moja tu, yaani kuwa jina la mtu. Halipokei, basi ni jina la kigeni.

Anayetaka kuiona kanuni hiyo kwa macho afungue Sura Al-An'am, aya ya 84. Is-haqa na Ya'quba, yote mawili yakiwa yametendwa (yaani yakipokea kitendo), yanaishia kwa fataha moja, irabu a bila n. Maneno machache mbele, Nuhan, lililo katika hali ileile, linavikwa tanwini. Wanahau husema Nuhu nalo ni la kigeni, ila kwa kuwa lina herufi tatu na ya kati ina sukuni (haina irabu), limekuwa jepesi ulimini na likasamehewa, kama Lutu. (Sisi tulimaliza ubishi kwa kuyapa yote irabu ya mwisho: Isihaka, Yakubu, Nuhu.)

Hata hivyo, jina kuwa geni si kwamba maana yake imekufa, na hapa ndipo ninaposhangazwa zaidi. Katika Sura Hud, aya ya 71, mkewe Ibrahim anacheka, fadhahikat, kisha anabashiriwa Is-haq, jina ambalo kwa Kiebrania maana yake ni "anacheka", kutoka mzizi ulio ndugu wa dhahika. Katika Sura Ibrahim, aya ya 39, Ibrahim anashukuru kwa kupewa Ismail na Is-haq, kisha anasema Mola wake ni msikiaji wa dua. Na Ismail kwa Kiebrania ni "Mungu husikia". Sura Maryam nayo inaanza habari za Zakariya kwa neno dhikru, yaani ukumbusho, na jina lake limebeba maana ya kukumbuka. Mara moja ningeiita sadfa. Mara tatu siwezi.

Wapo wanaochelea kwamba kutaja Kiebrania ni kuwapa wapinzani silaha. Mwanalugha Al-Jawaliqi hakuwa na hofu hiyo: katika Al-Mu'arrab, kitabu chake cha maneno ya kigeni yaliyoingia Kiarabu, aliandika kwamba majina ya manabii yote ni ya kigeni, isipokuwa Adam, Salih, Shuaib na Muhammad.

Ustadhi wetu alitufundisha kanuni ya majina yasiyopokea tanwini mwaka uleule, kwa mifano ya Ibrahim na Is-haq. Hakuna hata mmoja wetu aliyemuuliza kuhusu Idris.