Bangi ya mtu mzima na maswali tusiyouliza

Siku za mbalamwezi, ukipita Mwaloni pale Kirumba, Mwanza, utakuta wavuvi wa dagaa wamekaa. Mwezi ukiwaka, taa za mitumbwi hazivuti dagaa, basi kazi inalala. Ndizo siku msokoto unapopita mkono kwa mkono. Sote tunajua, ila tukiulizwa tunageuza shingo.

Wanaotaka bangi ikatazwe na mjadala uishie hapo wana hoja nzito. Sheria ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya ya mwaka 2015 haimwachi hata mtu mzima anayevuta chumbani kwake. Tena bangi inaweza kuamsha maradhi ya akili, hasa kwa wenye maradhi hayo katika ukoo. Mzazi aliyekesha akimshika mwanawe aliyechanganyikiwa hahitaji kufundishwa hilo.

Lakini anayesema watu wazima wapewe elimu ya tahadhari huonekana kama muuza kete, na hapo ndipo tunapomwonea. Watafiti hukadiria kuwa takriban mtumiaji mmoja kati ya kumi huishia kuwa tegemezi; kwa walioanza wakiwa vijana, ni kama mmoja kati ya sita. Namba hizi zinanisumbua. Mkatazaji humtazama yule mmoja, mtetezi huwatazama wale tisa. Nahodha gani angepakia vijana sita akijua mmoja atazama? Kwa hiyo chini ya miaka 18 sina la kujadili. Ila wale kumi watu wazima, yule mmoja wao tutamjuaje? Hana alama usoni. Atajulikana kwa maswali: unavuta kila siku? Ukikosa, unalala? Nyumbani kwenu kuna aliyewahi kuugua akili? Mtu anayeogopa pingu hayajibu hayo, hata mbele ya daktari.

Na yapo ya kumwambia. Asichanganye na gongo. Akiila kwenye chakula, inaweza kuchelewa hata saa mbili kabla haijampanda, na wengi huumia kwa kuongeza wakidhani haifanyi kazi. Asishike usukani wa bodaboda wala kasia, maana bangi huchelewesha mwili kuitikia na huvuruga makadirio ya muda na umbali. Ziwa letu likichafuka usiku halimsubiri mtu azinduke.

Afrika Kusini, Mahakama ya Katiba iliruhusu mwaka 2018 mtu mzima atumie faraghani. Biashara ya kuuziana mitaani ilibaki kosa. Sisemi tunakili. Wala sitaki bangi ipangwe sokoni Makoroboi kama karanga. Nataka muuguzi wa zahanati aweze kuuliza na ajibiwe ukweli.

Namjua nahodha mmoja afanyaye hivyo tayari. Kabla ya kusukuma mtumbwi huwauliza vijana wake mmoja mmoja. Aliyevuta hubaki nchi kavu usiku huo, bila matusi na bila kupelekwa kwa mtendaji, na kesho yake anapanda. Ndiyo maana vijana humwambia ukweli.