Mike Martin: ushindi 2,029, kombe sifuri, na hesabu ambayo watu hawaipigi

Jina la kocha Mike Martin likitajwa tu kwenye stori za besiboli ya vyuo vya Marekani, lazima atokee mtu wa kuuliza "kombe liko wapi?", watu wanacheka, mjadala unafia hapo. Mi leo nataka tubaki nao kidogo.

Jamaa kaifundisha Florida State pale Tallahassee misimu 40, kuanzia 1980 hadi 2019. Kashinda mechi 2,029, kafungwa 736, sare 4. Kabla yake hakuna kocha wa Daraja la Kwanza la vyuo aliyewahi kugusa 2,000. Misimu yote 40 timu yake ilishinda mechi 40 au zaidi, na misimu yote 40 iliingia kwenye mchujo wa taifa. Mara 17 ikafika Omaha, kule Nebraska ambako timu nane za mwisho zinakutana mwezi wa sita kugombea kombe la taifa. Na mara zote 17 karudi mikono mitupu. Fainali ya 1986 Arizona wakamchapa 10-2, fainali ya 1999 Miami, tena majirani wa jimbo moja, wakamtoa 6-5.

Sasa wanaomponda nisiwaonee, hoja wanazo. Augie Garrido, ambaye rekodi yake ya ushindi 1,975 Martin aliivunja 2018, aliacha makombe matano, matatu kwenye chuo cha Cal State Fullerton na mawili Texas. Skip Bertman, kocha wa LSU (chuo kikuu cha jimbo la Louisiana), naye matano. Alafu Florida ni joto, msimu unaanza Februari wenzao wa kaskazini bado wanazoa theluji, Martin anakaribisha watu nyumbani anawapiga, kwa hiyo ile idadi ya ushindi ina mafuta kidogo. Na kuna hii ya kiufundi ambayo ndo inauma zaidi: wapigaji wake walifundishwa subira, usikurupukie mpira mbovu, ukitupiwa minne ya nje unatembea bure mpaka besi ya kwanza. Mtupaji wa kawaida mbinu hiyo inammaliza. Ukifika Omaha mtupaji hakupi mibovu minne, we umesimama unasubiri na mipira mizuri inakupita, ikifika mitatu umetoka. Omaha yake ya mwisho, 2019, timu nzima ilipata pointi mbili tu kwenye mechi tatu: wakaifunga Arkansas 1-0, wakafungwa 2-0 na Michigan, wakafungwa 4-1 na Texas Tech wakafungasha. Hapo kwa kweli sina cha kujibu.

Ila hii ya 17 kwa sifuri imenikalia kichwani muda mrefu. Watu wanaitaja kama vile ni ushahidi wa kitu, yaani kama jamaa alikuwa na ugonjwa fulani unaompata akivuka mto kuingia Nebraska. Hebu chukua kalamu. Timu ni nane. Tuseme kila moja ina nafasi sawa, moja kwa nane. Nafasi ya kukosa mara moja ni saba ya nane, asilimia 87 na nusu. Izidishe yenyewe mara 17, unapata kama asilimia 10. Maana yake ukichukua makocha kumi wazuri sawasawa, ukawapeleka wote Omaha mara 17, mmoja wao atarudi bila kitu na hajakosea popote. Utasema aah lakini timu zake hazikuwa za wastani pale, sawa, mpe moja kwa sita, inashuka chini ya asilimia 5. Ni bahati mbaya kubwa, nakubali, lakini bado iko ndani ya bahati mbaya ambazo watu wanazipata, na tatizo ni kwamba kati ya wale kumi, yule mmoja ndo atakayeambiwa anaogopa mechi kubwa, wale tisa wataitwa majenerali.

Na besiboli ndo mchezo wenyewe ulivyo. Kocha mwenye ushindi mwingi kuliko wote alishinda kama asilimia 73 ya mechi zake, yaani hata yeye kila mechi nne anapoteza moja hivi. Mtupaji wako bora akishatupa leo anahitaji siku kadhaa apumzike, kesho unamweka wa pili, keshokutwa unaomba Mungu. Angalia 2008. Florida State wana Buster Posey, mdakaji (anayekaa nyuma ya mpigaji kudaka mipira) aliyepiga wastani wa .463, yaani karibu nusu ya zamu zake alipiga akafika besi, na homerani 26 (mipigo inayovuka uzio wa uwanja) na kubeba tuzo ya mchezaji bora wa vyuo, baadaye akachukua ubingwa wa ligi kuu mara tatu na San Francisco. Wameingia Omaha wakacheza mechi mbili wakafungwa zote. Aliyebeba kombe mwaka huo? Fresno State, timu iliyofungwa mechi 31 msimu ule! Kwa hiyo mwaka ule kombe lilipima nini hasa, naomba mtu anieleze.

Pale pale chuoni kulikuwa na Bobby Bowden, kocha wa futiboli ya Kimarekani. Naye miaka na miaka aliitwa mtu asiyeweza mechi kubwa, mpaka akachukua ubingwa wa 1993 akiwa na miaka 64, na ghafla lawama zote zikayeyuka. Angestaafu 1992 tungemsema hivi hivi.

Kipimo ninachokiamini mi ni kingine. Mwaka wa mwisho wa Martin timu ilikuwa mbovu, tuseme ukweli, imeingia mchujo kwa kubahatisha ikiwa na ushindi 36. Watu tayari wanaandika kwamba ule mfululizo wa ushindi 40 kila msimu umekufa mikononi mwa mzee mwenyewe. Wakaenda Georgia, kwenye uwanja wa wenyeji, wakashinda mechi tatu mfululizo. Wakaenda Baton Rouge nyumbani kwa LSU wakashinda ya kwanza, ikawa ya 40. Wakashinda na ya pili. Ndo wakaenda Omaha kupata zile pointi mbili.

Alipoondoka akamwachia mwanae, miaka mitatu wakamfukuza. 2023 kocha akiwa Link Jarrett, aliyewahi kuichezea timu hiyo hiyo, wakamaliza na ushindi 23 na kufungwa 31, msimu wa kwanza wa kufungwa kuliko kushinda tangu 1974, na mchujo wakaukosa. Kitu ambacho watu walidhani kinajiendesha chenyewe kumbe kulikuwa na mtu anakisukuma.

Martin alifariki tarehe 1 Februari 2024, umri miaka 79. Miezi minne baadaye Jarrett akairudisha timu Omaha, wakafungwa mara mbili na Tennessee ambao ndo wakawa mabingwa. Hiyo ilikuwa safari ya 24 ya chuo kile. Kumi na saba zilikuwa za Martin kama kocha, saba za makocha wengine, mojawapo ya 1965 ambayo Martin mwenyewe alikuwepo kama mchezaji. Hizo saba nazo hazina kombe hata moja, na sijawahi kusikia hao wengine wakiulizwa liko wapi.